Wanyama wa Shaba Chini ya Migomba

Harufu ya shaba haitoki mkononi upesi. Nililijua hilo tangu utotoni, kisha nikalisahau, mpaka mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza katika nchi hii ya baridi aliponiomba nifungue droo iliyokuwa kando ya kitanda chake. Siku ambazo miguu yake bado ilimtii, alikuwa mtu wa kuzunguka mashambani na mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Ndani ya droo, akiwa amefungwa katika pamba, alikuwamo jogoo wa shaba asiyezidi kidole gumba changu, mwili umeota ukungu wa kijani, kilemba bado kimesimama.

"Warumi ndio waliomwacha," mzee aliniambia. "Wengine husema walikuwa wakiwazikia miungu wao wanyama hawa. Wengine husema ni mchezo wa mtoto ulioanguka. Hakuna ajuaye kwa nini mtu amfukie jogoo wa shaba."

Akaniwekea kiganjani. Vidole vyangu vilikataa kumfumbata. Nilimrudisha kwenye pamba haraka kuliko adabu inavyoruhusu, nikasema kazi ni nyingi, nikatoka. Jioni, ndani ya basi, ingawa nilikuwa nimenawa kwa sabuni, nilinusa vidole na harufu ikawa bado ipo, ile harufu kali ya sarafu iliyolala kwenye jasho. Sikumwambia mzee kwamba niliwahi kumjua mtu aliyefukia wanyama wa namna hiyo, kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa akinipikia uji, na kwamba nusura auawe kwa sababu yao.

Ninyi mliokulia milimani kama mimi, mkaenda shule peku asubuhi za umande huku viatu mmeviweka begani visichafuke, mtanielewa nikisema kwamba tulikuwa na woga wetu ambao hatukuufundishwa na mtu. Tuliunyonya tu. Tulijua nyumba ambazo hatupaswi kula. Tulijua mama fulani akikusifu kuwa umenenepa, unatema mate kimyakimya. Kwa hiyo msinicheke.

Kwetu ni Birongo, upande wa chini wa barabara, pale ambapo chai inateremka hadi mtoni na migomba inashika kila kona iliyobaki. Nililelewa na nyanya, mama yake baba. Nyumbani tulimwita magokoro, kama kila mtoto wa Kikisii amwitavyo bibi yake. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Kericho na kuja nyumbani Desemba. Nyanya alikuwa mrefu, mkavu, mchache wa maneno. Alichuma chai kwa mikono miwili bila kuitazama, macho yake yakiwa ng'ambo ya bonde, na alikuwa akivumisha nyimbo za kanisani bila kuimba maneno yake. Wali alijifunza kuupika mahali fulani ambapo si kwetu, wenye bizari na majani ya kunukia, na alipoupakua siku za Sabato majirani walileta watoto wao kwa visingizio.

Chini ya nyumba palikuwa na shina moja la migomba ambalo ndizi zake hazikwenda sokoni. Zikiiva, nyanya alizikata na kuwagawia watoto wanaopita njiani kutoka shule. Hakuna aliyeruhusiwa kulima pale ila yeye. Alipalilia kwa mikono, akiwa amepiga magoti.

Baba mdogo Mogaka ndiye aliyeleta mashine. Alikuwa kitinda mimba wa nyanya, mtu wa maneno matamu na mipango mingi, na wakati huo mpango wake ulikuwa kumjengea mama yake nyumba ya matofali. Kweli alikuwa amefyatua matofali, akayapanga karibu na uzio na kuyafunika kwa nyasi, yakingoja kuni za kuyachoma. Kuni hazikupatikana. Badala yake siku moja alitokea na mtu kutoka mbali, asiyejua Kikisii, amebeba fimbo ndefu yenye sahani mwishoni na vitu vya kusikilizia amevitundika shingoni.

"Wazungu walipopigania hapa," baba mdogo alitueleza sisi watoto na majirani waliokwisha kukusanyika, "Wajerumani walizika mali yao ili wakimbie wepesi. Iko wapi? Iko hapahapa chini ya miguu yenu. Mnakanyaga mali mkilia njaa."

Nyanya alikuwa amekwenda kituoni kupimisha majani ya chai. Mtu wa mashine alianza kwenye chai, akapita uani, akapita nyuma ya choo. Mashine ililia, wakachimba vifuniko vya soda, ikalia tena, wakachimba mbavu za mwavuli na kipande cha jembe. Watu walianza kucheka. Ndipo alipofika kwenye ile migomba, akasimama.

"Hapa pana kitu," alisema. "Na si chuma. Chuma hulia vingine."

"Dhahabu?" baba mdogo akauliza.

"Chimba kwanza, ndugu yangu. Wacha maneno."

Walichimba. Mgomba mmoja ukalala ubavu, mizizi yake myeupe nje. Kopo la kakao likatoka, limeliwa na kutu hata likavunjika mkononi mwa baba mdogo kama biskuti, na ndani yake, katika nyuzi za kitambaa kilichooza, walikuwamo wanyama. Ng'ombe mwenye nundu. Tembo. Kobe. Farasi aliyevunjika mguu. Tausi mwenye mkia mrefu. Wote wa kijani kama majani ya chai yaliyolala. Sisi tulizoea wanyama wa mawe, wale wanaochongwa kule vilima vya Tabaka na kuuzwa kwa wageni, lakini hawa walikuwa wazito kupita udogo wao. Baba mdogo alinipa tembo nimshike. Alikuwa wa baridi, na alinuka ile harufu.

Mtu wa mashine alimkwaruza ng'ombe kwa kisu, akatazama, akatikisa kichwa. "Shaba."

Wakati huo nyanya akaja. Kikapu bado kilikuwa mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Aliona mgomba umelala, akaona shimo, akaja mbio, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Aliteremka ndani ya shimo akapiga magoti na kuanza kurudisha udongo kwa mikono, hali kopo lilikuwa juu na si chini.

"Rudisheni," alisema. "Rudisheni mlivyokuta."

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Nani aliviweka hapa?"

"Niliviweka mimi."

"Vya kufanyia nini?"

Nyanya hakujibu. Alimtazama mwanawe, akawatazama watu waliosimama ukingoni, mmoja baada ya mwingine, kisha akainamisha kichwa akaendelea kusukuma udongo. Kimya kile ndicho kilichotuponza. Angesema lolote siku ile, angesema hata uongo, huenda mambo yangekwenda kwingine.

Mimi nilikuwa na jibu langu. Nyanya hakuwa na ng'ombe. Mwalimu alikuwa ametufundisha mbegu: unaifukia, unamwagilia, unangoja. Nilielewa kwamba nyanya alikuwa amepanda ng'ombe, na baba mdogo kwa pupa yake amemng'oa kabla hajaota. Tembo na farasi sikujua tungewalisha nini. Kesho yake nilimwaga bakuli la maji pale, endapo kuna aliyebaki chini.

Baba mdogo hakuwarudisha. Alitia wanyama mfukoni akasema anawapeleka mjini kwa wanaojua, maana shaba ya zamani nayo ina wenyewe, akaondoka na mtu wake na mashine yao. Nyanya alisimama mlangoni akimtazama akipanda kilima. Hakumwita.

Maneno yalianza kisimani. Tulipofika na mitungi yetu wanawake walinyamaza, wakainua maji yao hata kama mtungi haukujaa. Kanisani, nyanya alipokaa kwenye benchi lake, waliokuwapo walisogea taratibu, kidogo kidogo, kama watu wanaoona baridi, mpaka benchi likabaki letu wawili. Wiki iliyofuata hakwenda. Alisema magoti yanamuuma. Nilisikia neno omorogi likisemwa nyuma yangu njiani, neno la mchawi kwetu, nami nikageuka nimwone huyo mchawi anayepita. Zaidi ya waliolisema na mimi, barabara ilikuwa tupu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Nyaboke, ambaye nilisoma darasa moja na binti yake Nyaboke. Msimu ule walikuwa wamemzika mdogo wake Nyaboke, Ombati, mtoto aliyekuwa ameanza tu kwenda shule ya chekechea. Alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, akarudi ndani ya sanduku. Ombati alizipenda sana ndizi za nyanya. Alikuwa akija peke yake, anasimama uani na kunyoosha mkono bila kusema, na nyanya anacheka.

Nyaboke ndiye aliyeniambia, nyuma ya darasa, akiwa hanitazami.

"Mama amesema nisile kwenu tena. Amesema nyanya yako alimzika Ombati kwenye kopo kabla hajafa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Nyanya alikuwa akichambua mboga, chinsaga, ile chungu tunayoilalisha kwenye maziwa. Nikamuuliza moja kwa moja, maana sikujua njia nyingine ya kuuliza.

"Nyanya, ni kweli ulimzika Ombati kwenye kopo?"

Mikono yake ilisimama. "Wewe waonaje, mama?"

Nilifikiri sana. "Kopo lilikuwa dogo," nikasema.

Nyanya akacheka. Alicheka mpaka mboga zikamwagika mapajani, na mimi nikacheka naye kwa furaha ya kumfurahisha, kisha nikaona kwamba kicheko chake kilikuwa kimegeuka kitu kingine na mimi bado nacheka peke yangu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Sabato, mchana, baada ya ibada. Nilikuwa nimekwenda kanisani na watoto wa upande wa juu, maana nyanya alibaki. Kurudi nilipita njia ya mkato nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, ambacho siku hiyo kilifungwa. Palikuwa na vijana wamekaa kwenye magogo, wa kwetu wote, watu ambao waliniita kwa jina la baba yangu na kunirushia miwa. Kando yao palikuwa na mtungi wa mafuta ya taa, na majani makavu ya migomba yamefungwa mafungu mafungu. Mmoja wao alikuwa akisema, "Jioni tunachoma. Mapema, kabla mvua haijaanza."

Mwingine akaniona, akamgusa mwenzake. Wakanyamaza. Mimi nikawasalimu kwa heshima zote, nikapita, na nilipofika mahali ambapo hawanioni nikaanza kukimbia.

Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Matofali! Baba mdogo amewalipa vijana wachome matofali, na nyumba ya nyanya itasimama, na watu watakaposikia kuwa nyanya ana nyumba ya matofali watarudi kwenye benchi letu. Niliingia uani nikipiga kelele.

"Nyanya! Wanakuja kuchoma leo!"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, Biblia mapajani, miwani puani. "Wanachoma nini, mama?"

"Matofali yako! Wamesema jioni, kabla ya mvua. Wana majani na mafuta ya taa."

"Ni nani?"

Nikawataja. Kwa kila jina aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kisha akavua miwani.

"Leo ni siku gani?"

"Sabato."

"Umewahi kumwona mtu wa hapa akichoma matofali siku ya Sabato?"

Hata kuteka maji kisimani tulikuwa tukifanya Ijumaa. Nilimtazama, na nadhani hapo ndipo nilipoona, bila kuelewa, kwamba uso wa mtu mzima unaweza kuogopa. Lakini hakupiga kelele. Alinawa miguu kwa maji ya ndoo. Aliingia ndani akatoka na gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mlango hakuufunga. Akanishika mkono.

Nilidhani tunakwenda barabarani, au kwa chifu, au kanisani. Tulipita uzio wetu tukateremka kishimo cha maji kilichokuwa mpakani tukapanda upande wa pili.

"Nyanya, tunakwenda wapi?"

"Kwa Mama Nyaboke."

Mama Nyaboke alikuwa jikoni. Mumewe alikuwa akifanya kazi Nakuru na hakuwapo. Alipoinua macho na kumwona nani amesimama mlangoni, aliruka nyuma mpaka akagonga ukuta, akamvuta Nyaboke nyuma yake. Nyanya hakungoja kukaribishwa. Aliinama akaingia, akaketi kwenye kigoda kilicho karibu na moto, akaniweka mbele ya magoti yake.

"Mwanangu," alisema, "vijana wanakuja kunichoma leo. Nimeona nije wanikute hapa kwako, kwa sababu ni wewe niliyekukosea, kama kweli nimekukosea. Kama unataka wanichukue, watanitoa kwenye kigoda hiki ukiona. Lakini kwanza nisikilize."

Mama Nyaboke hakubanduka ukutani.

Na nyanya akasimulia, akiutazama moto. Alisema alipokuwa msichana, kabla ya kuolewa hapa, alifanya kazi mjini Kisii katika nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa. Alikuwa akiosha, akipika, akilea. Hapo ndipo alipojua ule wali. Alipata mtoto wa kike, bila mume, na yule mke wa mwenye duka, ambaye naye alikuwa bado bibi harusi mgeni, hakumfukuza. Alimwacha mtoto atambae chini ya meza ya kukatia vitambaa. Na kwa sababu mtoto alikuwa akilia, bibi harusi yule alifungua sanduku alilokuja nalo kutoka kwao akatoa wanyama wa shaba aliochezea yeye mwenyewe utotoni. Ng'ombe, tembo, kobe, farasi, tausi. Mtoto aliwapanga mstari kutwa nzima. Ni yeye aliyemvunja farasi mguu kwa kumpigapiga sakafuni.

"Surua ikaja," nyanya alisema. "Ilitushika sote wawili. Mimi nilipopata fahamu hospitalini, yeye walikuwa wamekwisha kumzika, pamoja na watu wengine wasio na mtu. Nilionyeshwa uwanja. Hakuna aliyeweza kuniambia ni wapi hasa. Baadaye pale pamejengwa vibanda. Nikipita mjini huwa natembea polepole, kwa sababu sijui namkanyaga wapi."

Moto ulilia. Nyaboke alikuwa ametoka nyuma ya mama yake.

"Nilipoolewa hapa sikuweza kusema. Ungesema wewe? Msichana aliyetoka mjini, na mtoto asiye na baba, na mtoto mwenyewe amekufa? Nilikuja na kopo tu. Siku mume wangu alipokuwa safarini nikalifukia chini ya mgomba, ili na mimi niwe na mahali pa kupalilia. Zile ndizi ni za watoto. Ombati alikula kwa sababu alikuwa mtoto. Hakuna lingine. Sina lingine, mwanangu."

Sikumbuki Mama Nyaboke alijibu nini, kama alijibu. Nakumbuka mbwa walibweka, na sauti za wanaume zikasikika upande wetu wa kishimo, kisha upande huu. Nakumbuka Mama Nyaboke alichukua mwiko uliokuwa chunguni, unadondosha, akaenda kusimama mlangoni. Mgongo wake uliziba mwanga wote.

"Yuko hapa?" mmoja akauliza. "Mama, toka mlangoni. Tumekuja kukusaidia."

"Nani aliwatuma?"

"Ni kwa ajili ya Ombati."

"Ombati ni wangu!" Sijawahi kusikia sauti kama ile tena, na nimefanya kazi mahali ambapo watu hufa. "Nimemzaa mimi, nimemzika mimi, nimemlilia mimi. Ninyi mlikuja kula wali wa matanga mkaenda zenu. Msiwashe moto wenu kwa jina la mwanangu. Anayemtaka huyu mama apite hapa."

Hakuna aliyepita. Walisimama muda, wakinong'ona. Kisha hatua zikarudi walikotoka, na baada ya kitambo tukaanza kunusa moshi. Nyanya alijua kabla yetu. Alikikumbatia kichwa changu kwenye gauni lake ili nisitazame, lakini kwa upenyo wa mlango niliona paa la jiko letu la nyasi likishika moto, na baadaye nyumba. Mvua ilikuja ikakuta hakuna cha kuzima.

Naibu wa chifu alifika, akauliza nani ameona. Hakuna aliyeona. Sisi tuliowajua, mimi nilikuwa mtoto, Mama Nyaboke alimwachia nyanya aseme, na nyanya alisema, "Wana mama zao," akakataa kutaja. Wale vijana walirudi kwenye kwaya Sabato iliyofuata, wakaimba. Mmoja wao, miaka mingi baadaye, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la nyanya. Nilisafiri usiku na mchana kuja kumzika, nikasimama kando ya kaburi nikitazama mikono ya mtu yule imeshika mpini wa sanduku, imara, kwa heshima, na mpaka leo sijui niliona nini: toba, au usahaulifu, au ujirani tu. Tulipeana mkono. Nilishindwa kutoupokea.

Lakini hayo ni ya baadaye. Tulikaa kwa Mama Nyaboke, nyanya na mimi, tukilala chumba kimoja na Nyaboke. Wanawake wale wawili hawakugeuka kuwa marafiki wa kuchekeana. Kulikuwa na asubuhi ambapo Mama Nyaboke hakuweza kumtazama nyanya, akatoka na kukaa kwenye kaburi la Ombati mpaka jua liwe kali. Nyanya alimwacha. Alichukua jembe akaenda kumpalilia shamba lake.

Baba mdogo alipata habari akiwa Nairobi, akaja. Alisimama mbele ya majivu, karibu na matofali yake ambayo hayakuchomwa na sasa mvua ilikuwa imeyarudisha kuwa udongo, na alilia kama mtoto, bila kujificha. Nyanya alipomweleza, aliuliza jambo moja tu.

"Nilikuwa na dada?"

"Ulikuwa na dada."

Akatia mkono mfukoni akatoa wanyama, wamefungwa kwenye gazeti. Hakuna aliyewataka mjini. Ng'ombe alikuwepo, na tembo, na kobe, na farasi wa miguu mitatu. Tausi alimpa mtu wa mashine kama asante, na mtu wa mashine hakupatikana tena. Nyanya alisema basi, wanne wanatosha.

Tuliwarudisha asubuhi. Baba mdogo alichimba kwenye migomba, safari hii taratibu. Nyanya alikuwa amewafunga wanyama kwa kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha siku ile, akakaa nacho mapajani kwa muda mrefu kabla ya kukitoa. Hatukuwa wengi: baba mdogo, Mama Nyaboke, Nyaboke na mimi, tuliosimama nyuma yao tukiwa tumeshikana mikono. Majirani wachache walisimama ng'ambo ya uzio, wala hawakuja, wala hawakuondoka.

Nyanya akashusha kitambaa. Baba mdogo akainua koleo. Mama Nyaboke akamzuia kwa mkono.

"Ngoja," alisema. "Mtu hazikwi bila kutajwa." Akamgeukia nyanya. "Mama, aliitwa nani?"

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, jina lisipotee. Nami niliwahi kuuliza jina langu lilitoka kwa nani, nikaambiwa tu kwamba nyanya ndiye aliyelichagua, na kwamba alilishikilia hata baba alipotaka jingine. Lakini yeye mwenyewe aliniita mama, siku zote mama. Sikuwahi kulisikia jina lile kinywani mwake, na sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini.

Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akalitamka, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje ndani chakula kisipoe.

Nikadhani naitwa.

"Naam, nyanya," nikaitika. "Niko hapa."